Kioo cha Nangila, Darasa la Jentrix

"Ati yeye amepewa mwalimu mwenye miguu, na mimi nimepewa kioo!"

Ndivyo Nangila alivyonisalimia asubuhi hiyo. Hakubisha hodi, hakuuliza habari ya kuamka. Mimi nilikuwa nasukuma chapati, unga umenifikia viwikoni, wateja wananingoja na sahani mkononi. Yeye akasimama mlangoni pa kibanda na aproni yake ya kliniki begani, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nagawa walimu.

"Kioo gani tena?" nikamuuliza.

"Kompyuta, Mama Hillary! Nisome unesi kwa kompyuta. Na Jentrix aende Bungoma akae kwa dawati kama mtu, aitwe jina asubuhi, aseme niko. Mimi nani ataniita jina? Stima?"

"Kusoma si ni kusoma?"

"Wewe hutaelewa."

"Kama sitaelewa basi toka mlangoni, unazuia moshi kutoka."

Hakutoka. Alivuta stuli, akala chapati bila kuitafuna vizuri, kisha akasema kile kilichomleta hasa.

"Na kuku wangu, huyo Jentrix alimla. Alimla akijua."

Ngoja nikueleze huyu Nangila ni nani, maana Kitale ina akina Nangila wengi na si wote wanastahili kuandikwa.

Tulikuwa majirani katika ploti moja nyuma ya soko, ukuta kwa ukuta. Akikohoa kwake, mimi nasema pole kwangu. Alizaliwa juu ya Kimilili, kule mashamba yanapoanza kupanda mlima, kwa baba mkulima wa kahawa aliyesomesha wasichana wake kwa ubishi tu, kwa sababu ndugu zake walimwambia ni hasara. Akasomea unesi wa cheti, akaajiriwa kwenye kliniki ya Dakitari Kimaiyo hapa mjini, akaolewa na Wepukhulu, dereva wa lori la mahindi ambaye alikuwa akirudi nyumbani lori likipenda. Wakapata watoto. Mwili wake ulikuwa mwembamba, mikono isiyojua kupumzika. Akija kwako kupiga hadithi, atakuwa anaongea huku anasugua sufuria yako, na ukimwambia acha, atakujibu kwamba sufuria za fulani zinang'aa kuliko zako.

Maana wivu alizaliwa nao, kama wengine wanavyozaliwa na mwanya kwenye meno, na hakuuficha. Mvua ikinyesha Kiminini na Kitale ikose, atawaonea wivu watu wa Kiminini. Lakini lazima nimpe haki yake: wivu wake haukuwa wa kukaa kitako na kununa. Ulikuwa wivu wenye viatu. Akiona una kitu, haombi kikupotee. Anaondoka kwenda kutafuta chake kilicho bora zaidi, halafu anakuja kukuonyesha.

Jentrix naye alikuwa nesi mwenzake katika kliniki hiyo hiyo. Walianza kazi pamoja. Huyo alitoka Lugulu, mrefu, mnene kidogo, msema polepole, wa kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Walikuwa wanatembea chini ya mwavuli mmoja, wananunua viatu vya aina moja, na Jentrix alipojifungua, Nangila ndiye aliyemkanda maji ya moto. Sasa katikati ya mwaka 2008, Dakitari Kimaiyo akaamua kufungua wodi ya akina mama wajawazito. Alitaka msimamizi wa wodi awe nesi wa diploma, na hao wawili wote walikuwa wa cheti. Hakuweza kuwaachilia wote. Akapanga hivi: mmoja aende chuoni Bungoma akae darasani, mwingine abaki kazini asome kwa kompyuta, ile njia mpya iliyokuwa imeletwa kwa manesi. Mtihani wa mwisho ungekuwa mmoja kwa wote. Atakayefanya vizuri zaidi, kiti cha msimamizi ni chake.

Dakitari alilitoa jambo hilo wakati Nangila yuko Kimilili kwenye matanga ya mjomba wake. Aliporudi akakuta Jentrix tayari ni mtu wa Bungoma. "Ni dakitari amepanga," Jentrix akamwambia, macho yako chini. Nangila akameza mate, akamkubalia, na kama mtu aliyelelewa akamwita kwake akamchinjia kuku wa kumuaga.

Kwetu ukimchinjia mtu kuku, hujampa nyama tu, umempa heshima. Na heshima hiyo lazima irudi. Siku moja naye atakuita, atachinja, mtakula. Na ndani ya kuku huyo kuna firigisi, ile tunayoita imondo, ambayo ni ya mwenye nyumba au ya mgeni mkubwa. Haipewi mtu ovyo ovyo. Kwa vile Wepukhulu alikuwa safarini, Nangila aliitoa imondo kwa mkono wake akamwekea Jentrix kwenye sahani. Nilikuwepo. Mimi nilipewa bawa.

Halafu mama wa kufagia pale kliniki akamwambia Nangila yaliyotokea. Hakuna dakitari aliyepanga. Jentrix ndiye aliyebisha mlango wa ofisi siku ya matanga akasema, "Dakitari, mimi nitaenda Bungoma. Nangila anapenda mambo ya kompyuta." Na Nangila hajawahi kugusa kompyuta hata kuipangusa vumbi.

Ndiyo sababu asubuhi ile alikuja na moshi wake juu ya moshi wangu.

"Imondo, Mama Hillary! Nilimpa mpaka imondo!"

"Basi kamdai."

"Imondo inadaiwaje?"

Nikamwongezea chapati.

Mara ya kwanza kwenda saiba, kule kwa kompyuta za kulipia, alinikokota mimi, akisema mahali pale ni pa vijana na yeye hataki kuonekana anasimama mlangoni kama mwizi wa kuku. Saiba ilikuwa juu ya duka la vitambaa la Amit, na aliyeisimamia ni mke wake, Manisha, mwanamke wa maneno machache ambaye Kiswahili chake kilitosha kazi yake.

"Wewe kaa namba nne," akamwambia Nangila. "Namba tatu mgonjwa."

"Anaumwa nini?" Nangila akauliza, maana nesi ni nesi.

"Batani zake zimelala."

Tukakaa namba nne, mimi kwenye stuli pembeni. Manisha akamwonyesha mahali pa kubonyeza. Nangila alishika ile mausi kama mtu anayeshika panya kweli, kwa vidole viwili. Kulia kwetu kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia akitazama picha za matrekta. Ghafla kwenye kioo chetu likatokea tumbo la mama mjamzito, kubwa, limejaa kioo chote, na mistari ya kuonyesha mtoto amelala vipi. Mzee akainuka akitafuta fimbo yake.

"Keti baba," nikamwambia. "Si hata wewe ulitoka humo humo?"

Hakuketi. Tukapata nafasi ya kuweka kikapu.

Mwalimu wa kwenye kioo alikuwa sauti ya mwanamke, Kizungu laini, kisicho na haraka. Nangila ananitafsiria sikioni. Baadaye kioo kikauliza swali na kuleta majibu ya kuchagua. Nangila akabonyeza. Kioo kikasema umekosa, jaribu tena. Akabonyeza lingine. Umekosa, jaribu tena.

"Unaona?" akanong'ona kwa hasira. "Hata haikasiriki! Mwalimu gani huyo hata hajui kama unatania ama unaumia?"

Mimi niliishia darasa la saba. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na miguu, ndiyo, na alikuwa na mkono pia, na kwenye mkono huo fimbo ya mwanzi. Hesabu za sehemu nilizikimbia si kwa sababu zilikuwa ngumu, ni kwa sababu kila nikikosa mgongo ulikuwa unajibu. Hakuna siku mtu aliniambia jaribu tena, kwa sauti laini, mara nyingi nitakazo mwenyewe. Sasa huyu Nangila amewekewa mwalimu asiyechoka, asiyecheka, asiyemwambia darasa zima kwamba kichwa chako ni ugali, na analia ati amepewa kioo! Nilimwonea wivu hadi nikasahau kwamba stuli niliyoikalia ilikuwa na msumari.

Lakini sikusema. Yeye wivu wake ulikuwa umeshajaa chumba.

Mwaka uliofuata, 2009, ukaja na mgao wa stima. Leo upande huu wa mji, kesho upande ule. Siku moja ile sauti ilikuwa inasema, "Kabla ya kumgusa mama, kamwe usisahau..." Giza. Vijana wakapiga kelele, Manisha akawasha mshumaa. Nangila akakaa akikodolea kioo cheusi.

"Usisahau nini?" nikamuuliza.

"Najua? Jentrix angeinua mkono angeuliza. Mimi nimwinulie nani mkono, Manisha?"

Alirudi siku ya stima akakuta ni kunawa mikono tu. Alikasirika zaidi. Kunawa mikono alikuwa anajua tangu akiwa Kimilili.

Jentrix alikuja Kitale mwisho wa mwezi mmoja kuchukua vitu vyake, akapitia kibandani kwangu amevaa sare ya chuo, kola nyeupe imepigwa pasi hadi inakata. Nangila alikuwa amekaa pale pale. Niliwamiminia chai nikakaa karibu, maana mambo kama hayo hayapiti kila siku.

"Sasa Nangila," Jentrix akasema.

"Poa. Kuku wangu hajambo?"

Jentrix akacheka kidogo, akapuliza chai ambayo haikuwa moto. "Sisi darasani tunakimbizwa, bana. Kuna mwalimu anaitwa Kizito. Ukikosea anakushika mkono anauweka pale pale panapotakiwa."

"Anakushika mkono. Mume wako anajua?"

"Ah! Na wewe hiyo kompyuta inakushika wapi?"

"Haina mikono ya kushika wake za watu."

"Na tuko na mama wa plastiki," Jentrix akaendelea, kama mtu anayemwaga chumvi akijua kidonda kiko wapi. "Mdoli mkubwa kama mtu mzima. Tumbo lake inafunguka, mtoto yuko ndani. Unapapasa kichwa, unapapasa mgongo. Tunamwita Mama Plastiki. Wewe hapo kwa kioo utapapasa nini?"

Nangila alinywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, na nikaona macho yake yanahama kutoka kwa Jentrix yanakuja kwangu. Yakashuka mpaka kwenye tumbo langu. Nikajua nimekwisha.

Mchana wa Jumapili iliyofuata nilikuwa nimelazwa kwenye kitanda cha Nangila, nimefungwa malenge tumboni kwa leso. Malenge halisi, la kutoka shamba la baba yake, na chini yake mto uliokunjwa kuwa mgongo wa mtoto. Yeye akasimama juu yangu na Kizungu chake cha kwenye kioo, akaniwekea mikono.

"Weee!" nikapiga kelele. "Mikono yako ni baridi kama ya mtu amekufa!"

"Mdoli hasemi, Mama Hillary."

"Mimi si mdoli. Mimi nina uchungu tangu jana, mume wangu hayuko, na hapa anakuja msichana mwembamba hata hajanisalimia ananikamata tumbo kama anachagua nyanya. Nisalimie!"

"Habari ya mchana, mama."

"Mbaya. Wewe ni nani?"

"Ni nesi Nangila. Naomba nikupapase nione mtoto amelala vipi."

"Sugua mikono kwanza."

Akasugua. Akapapasa. Akataja kichwa kiko wapi, nikamwambia hicho ni kikonyo cha malenge. Akaanza upya. Hivyo ndivyo Jumapili zangu zilivyoisha mwaka huo. Nilizaa malenge wengi kuliko shamba. Nilimtukana kwa matusi yote ambayo mwanamke mwenye uchungu amewahi kumtukana nesi, na mengine nikayabuni. Yeye akazoea. Alifika mahali nikinyamaza, anaingoja sauti yangu, na isipokuja anaitafuta: "Mama, unasikia aje hapo?" Na kati ya wiki alikuwa anarudi saiba, anamrudisha yule mwalimu wa sauti nyuma, amrudie tena, na tena, mpaka Manisha akawa anayajua majibu kwa moyo.

Kila akimaliza alikuwa anauliza swali lile lile. "Unadhani Jentrix amefika wapi?"

Nikamwambia siku moja, "Ungekaa naye darasani ungemwona amefika wapi, ungelala usingizi. Huyu unayeshindana naye ni Jentrix wa kichwani mwako, na huyo hachoki."

"Wewe lala tu na malenge yako," akasema.

Mtihani ukawekwa Novemba, chuoni Bungoma, wa kuandika na wa mikono. Nilimsindikiza kwa sababu dada yangu anakaa Bungoma, na kwa sababu nilitaka kumwona huyo Mama Plastiki aliyenitesa mwaka mzima. Nangila alikuwa na mfuko mzito. Nilidhani ni nguo.

Mtihani wa kuandika uliisha siku ya kwanza. Jioni, jua bado liko juu ya mabati, tukaenda bweni la wanafunzi kumtafuta Jentrix. Nangila alitaka kumwona tu, alisema, ajue kama amenenepa. Tulimkuta nyuma ya bweni kwenye kamba za nguo, sare zimeanikwa, na yeye amesimama kati ya sare hizo analia bila sauti.

"Umefiwa?" Nangila akauliza. Sauti yake haikuwa na chumvi.

"Sijafiwa." Jentrix akajifuta na kola ya mtu mwingine. "Ni kesho. Ni huyo Mama Plastiki."

"Si mnamjua nyinyi?"

"Nani anamjua? Mdoli ni mmoja na sisi tunajaa mpaka dirishani! Wa mbele ndio wanapapasa. Mimi ni wa nyuma, mimi naona mgongo wa Nafula aliye mbele yangu tu. Mwalimu Kizito anasema mmeelewa, wa mbele wanasema ndiyo, tunaenda mbele. Ukiwa hujaelewa umeachwa. Wewe si unabonyeza tu, anarudi? Kwangu hakuna kurudi. Mwalimu akishatoka ametoka."

Nangila akatua mfuko wake chini.

"Na mtoto," Jentrix akasema. "Niliacha kumnyonyesha nikamwacha kwa mama yangu Lugulu. Nilienda kumwona wiki iliyopita akajificha nyuma ya mama. Ananiita anti. Wewe unasoma, jioni unarudi unapika, watoto wako wanakuita mama. Nangila, mimi nilidhani nimekushinda. Kila mwezi nikikuja Kitale nikikuona na watoto wako, nilikuwa naenda nalia kule mbele kwa barabara."

"Ulikuwa unanionea mimi wivu?"

"Sana."

Nilimtazama Nangila. Ilikuwa kama mtu aliyeokota kitu barabarani akagundua ni chake. Nilimvuta pembeni.

"Mwache," nikamnong'oneza. "Kiti ni kimoja. Huyu ndiye aliyebisha mlango wa dakitari wewe ukiwa matangani. Kesho kila mtu na tumbo lake."

Nangila akanitazama, akaangalia sare zilizoanikwa, kisha akafungua ule mfuko mzito. Lilikuwa malenge.

"Lala," akaniambia.

"Nilale wapi?"

"Kwa kitanda cha Jentrix. Na usininyamazie, unitukane kama kawaida. Anatakiwa asikie."

Nikalala kwenye kitanda cha chuma cha bweni la Bungoma, mwanamke mzima, nimefungiwa malenge mbele ya wasichana ambao wangekuwa binti zangu. Jentrix akaweka mikono. Nikamtukana. Akaruka nyuma.

"Usiruke!" Nangila akamfokea. "Akikutukana ni mzima. Msalimie kwanza. Sugua mikono. Hapana, si hapo, hapo ni mto. Rudia. Kwa nini unaharakisha, kuna mtu anatoka? Rudia."

Na aliposema rudia, aliisema kwa ile sauti laini ya kwenye kioo. Sikuamini. Alimrudishia mara kwa mara, hakuchoka, na katikati akawa anamchoma. "Kuku wangu hajambo huko ndani?" Jentrix anapapasa, anacheka, anatokwa na machozi. Tulimaliza wakati wasichana wanaitwa kula.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la chumba cha mtihani. Waliingia mmoja mmoja. Wengi walikuwa wananong'ona Kizungu haraka haraka, wanatoka. Akaingia Nangila.

"Habari ya asubuhi, mama," nikasikia anasema kwa sauti kubwa. "Mimi ni nesi Nangila."

Kimya. Huyo mama ni plastiki, atajibu nini? Lakini Nangila alikuwa amezoea kujibiwa. Alingoja. Wasahihishaji wakangoja. Mimi nje nikatamani nimjibu dirishani. Kisha sauti yake ikarudi, polepole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Ati mikono yangu baridi? Pole mama. Ngoja nisugue. Na mume hayuko? Ni lori, ama? Wangu pia ni hivyo. Tutamtumia salamu. Sasa naomba nikupapase. Nikikuumiza unitukane tu."

Nilisikia kiti kinasogezwa, na mwanamume mmoja anakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nikafunika uso na leso. Nikajua amekwisha, ameongea na plastiki kama mwendawazimu, na kosa ni langu na matusi yangu. Nangila akatoka amekauka midomo.

"Nilisahau kwamba si wewe," akaniambia. "Mama Hillary, nimejiharibia. Kiti kimeenda."

Tukarudi Kitale. Siku zilizofuata hakuosha sufuria ya mtu.

Majibu yalikuja Desemba. Wote wawili walikuwa wamepita. Mtihani wa kuandika, Jentrix alimzidi kidogo. Ule wa mikono, Nangila alikuwa juu sana, na msahihishaji aliandika kwamba huyu mtahiniwa peke yake ndiye aliyemchukulia mgonjwa kama mtu. Dakitari Kimaiyo alijumlisha, akamwita Nangila ofisini, akampa funguo za wodi mpya. Alikuja nazo mpaka kibandani zikilia kidoleni, akazisahau mkononi, akasugua sufuria yangu nazo.

Sasa wivu ukavuka upande mwingine, na wala Jentrix hakuuficha. "Mimi nisimamiwe na wewe?" alimwambia Nangila mbele yangu. "Siwezi. Nitakuchukia bure, na wewe hujanikosea. Naenda Lugulu. Nitatafuta kazi huko huko, mtoto ajifunze kuniita mama."

"Nenda," Nangila akasema. "Mimi pia ningeenda."

Siku mbili kabla ya Krismasi, Jentrix alikuja kibandani na kuku aliyefungwa miguu, jogoo mwekundu. Chumba chake cha Kitale kilikuwa kimeshahamishwa. Alimnyooshea Nangila kuku yule.

"Chukua. Nisiende na deni lako."

Nangila aliweka mikono nyuma. "Kuku anayetembea ni wa sokoni. Mimi sikukupa kuku wa kutembea. Nilikuchinjia."

"Nikuchinjie wapi? Sina nyumba hapa, sina hata jiko."

Walinitazama wote. Hawa wawili, wakikosa kitu, hunitazama mimi.

"Haya," nikasema. "Leo hiki kibanda ni kwako, Jentrix. Lakini usiguse chumvi yangu ya gunia, tumia ile ya kikopo."

Tukamwita Kinyua, fundi wa viatu wa pale kando, akatuchinjia. Jentrix akamnyonyoa mwenyewe, akampika mwenyewe, akasonga ugali mwenyewe, jasho linamtoka. Nangila aliketi kwenye benchi la wateja kama mgeni, mikono juu ya magoti, na nilivyomjua, kukaa hivyo bila kusugua kitu ilikuwa kazi kubwa kuliko mtihani.

Chakula kikapakuliwa. Jentrix akaitafuta imondo kwenye mchuzi, akaitoa na kijiko, akaitazama kidogo. Kisha akaiweka kwenye sahani ya Nangila.

"Msimamizi," akasema. Hakucheka.

Nangila hakuikata. Hakumgawia mtu. Aliila yote taratibu, akimtazama Jentrix usoni, akanawa mikono, akajifuta.

"Sasa kuku wangu ameshuka," akasema. "Kula na wewe, kinapoa. Mtoto ukimfikia umsalimie."

Wakala wote wawili, wakaanza kumcheka mwalimu Kizito na Mama Plastiki wake. Na mimi niliyebeba malenge mwaka mzima, mjini na bwenini, nilipofunua sufuria nikakuta wameniachia shingo.